Nani aihoji Kamati ya Fedha? Hotuba kwa madiwani wa Dar es Salaam

Hotuba hii ilitolewa mbele ya madiwani, watendaji na wenyeviti wa mitaa katika ukumbi wa Arnatoglo, Mnazi Mmoja.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani wa kata na wa viti maalumu, ndugu zangu watendaji, wenyeviti wa mitaa, na ninyi wananchi mliokuja bila kuletewa gari wala barua: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumzie kamati. Baraza likitaka kuisimamia halmashauri yake kwelikweli, liwe na kamati za namna gani? Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya pembeni nikiandika mihtasari ya vikao, na nina msimamo juu ya jambo hili. Nitausema wazi, nanyi mtanipinga wazi.

Halmashauri zetu tano za mkoa huu, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zote zinaendeshwa kwa kamati za kudumu. Iko Fedha na Uongozi, inayokutana kila mwezi na mwenyekiti wake ni meya. Iko ya Uchumi, Afya na Elimu. Iko ya Mipango Miji na Mazingira. Iko ya Kudhibiti Ukimwi, ambayo huwa chini ya naibu meya, na iko ya Maadili. Kila robo mwaka taarifa za idara zinapanda kutoka menejimenti kwenda kwenye kamati, na kutoka kamati kwenda Baraza. Ndio utaratibu tulioujenga tangu sheria za mwaka 1982 ziliporudisha serikali za mitaa, baada ya zile za awali kuvunjwa mwaka 1972 enzi za Madaraka Mikoani. Bajeti zinapita kwa utaratibu huu, zahanati zinajengwa, madarasa yanapauliwa. Sijaja kuubomoa.

Lakini tazameni kitu kimoja. Kamati iliyopendekeza mradi ndiyo inayopokea taarifa ya utekelezaji wake. Ndiyo inayopanda Coaster ya halmashauri kwenda kuukagua. Ndiyo inayorudi kuliambia Baraza kwamba mambo ni shwari. Waheshimiwa, mganga hajigangi. Diwani aliyeutetea mradi mbele ya wapiga kura wake mwezi wa tatu, mwezi wa tisa atapata wapi nguvu ya kusimama na kusema mradi ule haukustahili? Simlaumu yeye. Naulaumu mpangilio uliompa kazi mbili zinazovutana.

Mnaufahamu ukurasa wa yatokanayo kwenye kabrasha, ule wa maagizo ya vikao vilivyopita. Jedwali lina safu nne: namba ya muhtasari, agizo, mhusika, hali ya utekelezaji. Katika halmashauri moja niliyoitumikia palikuwa na agizo la jengo la wazazi kwenye kituo cha afya. Mkandarasi arudi arekebishe paa, kwa sababu mvua ikinyesha maji yanaingia chumba cha kujifungulia. Safu ya mwisho iliandikwa "Utekelezaji unaendelea". Robo iliyofuata, "Utekelezaji unaendelea". Ukafika uchaguzi wa wenyeviti wa kamati, maana wenyeviti huchaguliwa kila mwaka, na mwenyekiti mpya akaanza upya kuuliza ni jengo lipi hilo. Masika yakaingia. Wauguzi wakawa wanasogeza vitanda ukuta wa huku na kutega ndoo ukuta wa kule. Robo nyingine, "Utekelezaji unaendelea". Kisha siku moja agizo likaondolewa kwenye jedwali kwa maelezo kwamba yatokanayo yamekuwa marefu mno na wajumbe wanachoka.

Hakuna aliyeiba fedha pale. Hakukuwa na hoja ya ukaguzi. Wajumbe walikuwa watu wema na mkuu wa idara alikuwa mchapakazi. Ila ndani ya jengo zima la halmashauri hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushikilia agizo lile mpaka paa liache kuvuja. Watoto wa watu walizaliwa huku maji yanadondoka kwenye ndoo. Mimi nikisikia neno usimamizi, nakumbuka lile jedwali kabla sijakumbuka kifungu chochote cha sheria.

Mtaniambia tunasimamiwa tayari, tena sana. Ni kweli, tunasimamiwa kutoka juu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, anakuja kwa mamlaka ya ibara ya 143 ya Katiba, na ripoti yake inafika bungeni. LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi na kuwabana. Mkuu wa mkoa yupo, mkuu wa wilaya yupo, TAMISEMI ipo, TAKUKURU ipo. Mwenge wa Uhuru ukifika kwenye mradi wenye kasoro unaweza kukataa kuuzindua hadharani, na mhandisi akabaki anatoka jasho. Haya yote nayaheshimu. Ila kwa sehemu kubwa yanakuja fedha ikishatumika, na hakuna hata moja kati yake linalorudi Mbagala au Kimara kumjibu mtu aliyekupa wewe kura.

Na hati safi isitulevye. Hati inayoridhisha inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa kufuata viwango na vinaonyesha picha halisi ya fedha. Haisemi kama soko lilijengwa mahali ambapo wafanyabiashara watakubali kukaa. Haisemi kama mama wa Chamazi alipata huduma. Hayo ni maswali ya diwani, na mkaguzi hatayauliza kwa niaba yako.

Chukueni mikopo ya asilimia kumi. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo zuri mno, na kwa halmashauri zenye makusanyo kama za Dar es Salaam ni fedha nyingi. Ripoti za CAG zikaja kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Aprili 2023 Serikali ikaisitisha nchi nzima ili utaratibu upangwe upya, na ikarejeshwa mwaka 2024. Jiulizeni: taarifa za mikopo ile zilikuwa zinapita wapi miaka yote hiyo? Zilikuwa zinapita mezani kwetu. Kiasi kilichotolewa, idadi ya vikundi, marejesho. Tunapokea, tunapongeza, tunaendelea na ajenda inayofuata. Nani alitoka siku moja kwenda Manzese na orodha mkononi akatafuta kikundi namba kumi na saba, aone kama kina cherehani au hakina? Mkopo uliposimama, hata vikundi vilivyokuwa vinarejesha kwa uaminifu vikakaa kusubiri. Hiyo ndiyo gharama ya kutohoji, na wanaoilipa ni watu wasio na kosa.

Niwapeleke mbali kidogo, maana wenzetu nao wamehangaika na hili.

Uingereza, kwa maana ya England hasa, halmashauri ziliendeshwa kwa kamati kama zetu kwa muda mrefu sana. Mwaka 2000 Bunge lao likapitisha sheria iliyoziondoa kamati hizo kwenye halmashauri nyingi. Maamuzi yakawekwa mikononi mwa kundi dogo linaloongozwa na kiongozi wa halmashauri au meya, na madiwani waliobaki wakapewa kamati za kuhoji. Zile ndogo, zenye watu chini ya 85,000, ziliruhusiwa kubaki na mfumo wa zamani kwa marekebisho. Kwa kipimo hicho hata Kigamboni, iliyo ndogo kuliko zote hapa kwetu ikiwa na watu 317,902 kwa sensa ya 2022, isingeruhusiwa. Kamati za kuhoji zikapewa meno fulani: uamuzi uliokwisha kufanywa lakini haujaanza kutekelezwa unaweza kuitwa, ukajadiliwa upya, na waliouamua wakatakiwa kuufikiria tena.

Basi, anayeamua akatenganishwa na anayehoji. Je, ilitosha? Kati ya mwaka 2005 na 2009 katika hospitali ya Stafford wagonjwa walitelekezwa vibaya, wengine wakikosa hata maji ya kunywa. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2013 ulizigusa pia kamati za madiwani wa eneo lile, zilizokuwa na jukumu la kuhoji huduma za afya. Kamati zilikuwepo. Zilikutana. Zilisikiliza maelezo ya uongozi wa hospitali na kuyakubali. Hazikuwatafuta ndugu wa wagonjwa, na ndugu hao walikuwa wanapiga kelele nje. Nawasihi mlikumbuke hili mtakapoanza kugombania muundo. Kamati inayosikiliza upande wa mezani peke yake ni mapambo, uiite jina lolote.

Mwaka 2011 sheria nyingine ikazirudishia halmashauri za England uhuru wa kuchagua. Baadhi zikarudi kwenye kamati. Jijini Sheffield ni wananchi wenyewe waliokusanya saini. Walikuwa wamechoshwa na maamuzi ya watu wachache, na kukatwa kwa maelfu ya miti ya barabarani kulikuwa kumewachoma sana. Kura ya maoni ikapigwa Mei 2021, karibu theluthi mbili ya waliopiga kura wakachagua kamati, na mfumo ukabadilika Mei 2022. Kwa hiyo wapo waliokimbia kamati kwa sababu hakuna anayehoji, na wapo waliorudi kwenye kamati kwa sababu hiyohiyo. Somo ninalochukua mimi ni kwamba mjadala wa mfumo gani ni bora tunaweza kuuacha. Tutazame viti: nani anakaa kiti cha kuuliza, na je, ni yuleyule anayekaa kiti cha kujibu?

Kenya wamelitatua kwa Katiba yao ya 2010: waziri wa kaunti hawi mjumbe wa bunge la kaunti. Njia nzuri, lakini inahitaji Katiba, nasi leo hatuzungumzii Katiba.

Afrika Kusini ndiko ninakotaka tutazame zaidi. Kule manispaa zina kamati ya hesabu za umma, na marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika Novemba 2021 yameilazimisha. Sheria inataja kwa majina ya vyeo watu wasioruhusiwa kuwemo: meya, naibu wake, spika wa baraza, mnadhimu, na wajumbe wa kamati ya utendaji au ya meya. Yaani wameandika kwenye sheria nani asikae. Jambo dogo, lakini ndilo lenye uzito. Sitawadanganya kwamba limewaponya. Mwaka wa fedha 2022/23 ni manispaa 34 tu kati ya 257 zilizopata hati ya daraja la juu kabisa. Kamati haikusanyi mapato wala haiajiri wahasibu. Ila pale inapofanya kazi, mwananchi anajua mlango wa kubisha.

Sasa turudi nyumbani.

Dar es Salaam tumebadilishwa maumbo mara nyingi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa ikaja Tume. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu na Jiji juu yake. Mwaka 2016 zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mipaka imehama, mabango yamepakwa rangi upya, mihuri imechongwa upya. Mkao wa kamati haukuguswa. Meya wa mwaka 2000 aliongoza Kamati ya Fedha, na wa leo anaiongoza.

Kuna jambo lingine, na nalisema bila kumlenga mtu. Mabaraza yetu kwa sasa karibu viti vyote ni vya chama kimoja. Nchi nyingine kazi ya kuhoji wameiegemeza kwa upinzani. Sisi hatuwezi, na hata tungeweza nisingeshauri. Tulishaona mwaka 2016 uchaguzi wa meya wa Jiji ukiahirishwa mara kwa mara kwa mivutano ya vyama, na muda ule wote hakuna aliyeuliza habari za paa la mtu. Tunahitaji utaratibu ambao diwani akihoji anaonekana anafanya kazi aliyopangiwa, asionekane anamsaliti mwenzake. Mnajua jinsi hoja ngumu zinavyomalizwa kwenye kikao cha madiwani wa chama kabla ya Baraza, na ukumbini zikafika zimeshapoa. Diwani peke yake hawezi kushindana na hilo. Diwani aliyetumwa na Baraza kwa maandishi, mwenye hadidu za rejea mkononi, anaweza.

Pendekezo langu ni hili. Kila baraza hapa mkoani liunde kamati maalumu ya ufuatiliaji. Sisemi kamati ya kudumu, kwa sababu kuongeza kamati ya kudumu ni safari ndefu ya kwenda TAMISEMI. Nasema kamati maalumu ya Baraza, aina ileile ambayo mabaraza yetu huunda pale tuhuma zinapoibuka. Tofauti ni kwamba hii isingoje tuhuma. Iwe ya watu watano hadi saba. Asiwemo meya, asiwemo naibu meya, asiwemo mwenyekiti wa kamati yoyote ya kudumu, asiwemo mjumbe wa Fedha na Uongozi. Wajumbe wake wakae miaka miwili bila kubadilishwa, ili ile habari ya jengo lipi isijirudie.

Wapo watakaosema kila kamati ya kisekta iwe na kikundi chake cha kuhoji: cha afya, cha elimu, cha mipango miji. Nimelifikiria sana na sikubaliani nalo. Diwani mmoja tayari anakaa kamati mbili, ana vikao vya maendeleo ya kata, ana misiba, ana wageni mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Mkimpa vikao vitatu zaidi mtapata sahihi kwenye daftari la mahudhurio na si zaidi ya hapo. Afadhali kamati moja yenye mambo matatu kwa mwaka. Matatu tu! Mwaka huu labda marejesho ya mikopo, taka ngumu na madeni ya wakandarasi wa taka, na miradi iliyosimama. Ichimbe hayo mpaka chini, ije na majibu.

Kabrasha lisiletwe kwao usiku wa kuamkia kikao. Wawe na haki ya kuona nyaraka zilizo nyuma ya taarifa: mkataba, hati za malipo, vipimo vya mhandisi. Wamsikilize mkaguzi wa ndani uso kwa uso, kwa sababu mtu huyu anajua mengi, anaripoti kwa mkurugenzi, na mara nyingi madiwani wanakutana na maneno yake yakiwa yameshafupishwa. Ripoti yao iende moja kwa moja Baraza bila kupitia Fedha. Na mkurugenzi atoe majibu ya maandishi kwenye mkutano wa Baraza unaofuata, agizo kwa agizo, na neno "unaendelea" lisikubaliwe bila tarehe na jina la mtu.

Vikao viwili kati ya vitatu vifanyike nje ya ofisi. Shule ya msingi siku ya Jumamosi, ofisi ya kata, hata kivuli cha mwembe. Wenyeviti wa mitaa mliopo hapa, ninyi ndio mnaojua kikundi gani ni hewa na mfereji gani ulijengwa nusu. Mkiitwa mkatoa ushahidi mbele ya watu wenu, hakuna taarifa ya kurasa arobaini itakayowashinda.

Niseme kidogo kuhusu barabara na maji, maana najua mtaniuliza. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa ziko TARURA. Maji yako DAWASA. Hawa hawawajibiki kwa Baraza kama mkuu wa idara anavyowajibika, na mwananchi hajui hilo wala hahitaji kulijua. Akikwama kwenye tope la Goba anamtukana diwani wake. Kamati haiwezi kuwaamuru. Inaweza kuwaalika, kwa barua, kwa ajenda iliyotajwa, kwenye kikao ambacho wananchi wapo. Meneja atakayekataa mwaliko wa namna hiyo mara tatu atakuwa amejibu, na Baraza litakuwa na la kuandika kwa waliomteua.

Mwisho ni fedha, na hapa ndipo mapendekezo mazuri hufia. Kamati hii haihitaji gari jipya wala ziara ya kujifunza Arusha. Inahitaji ofisa mmoja wa kuiandikia na kuitafutia taarifa, asiye na kazi nyingine kwa siku za kamati. Nimekuwa mtu huyo, nawaambia kwa uhakika: kamati isiyo na karani wake inategemea idara ziiandikie maswali ya kuziuliza zenyewe. Posho za vikao sita au saba kwa mwaka ziingie kwenye bajeti kwa kifungu chake, ili asitokee mtu wa kusema mwezi wa pili kwamba kasma imekwisha.

Nimeandika rasimu ya hoja ya kurasa mbili pamoja na hadidu za rejea. Nakala ziko mezani kwa katibu wa mkutano. Diwani atakayeipenda aipeleke kwa mkurugenzi kwa maandishi, ndani ya muda ambao Kanuni za Kudumu za halmashauri yake zinautaka, na atafute wa kumuunga mkono kabla ya siku ya Baraza. Watakaoona ina kasoro tukae nayo leo hapahapa. Nipo mpaka saa kumi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.